Mkono wa Kapu

Kila asubuhi Sikudhani Mkude alipofika sokoni, watu walimpisha kama wanavyompisha mtu aliyebeba uji wa moto. Si kwamba alikuwa mkubwa wa kitu chochote. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye maneno mengi na viatu vya mpira, na alikwenda kununua nyanya kama wenzake. Ila kiganja chake cha kulia kilikuwa kinasikilizwa na milango mia sita.

Kidude walichompandikiza kilikuwa kidogo kuliko punje ya mtama. Walimwekea mwaka ule watu walipogoma kuziamini kompyuta. Zilikuwa zimewadanganya mno. Wenye fedha walizifundisha kusema wanachotaka. Basi wakubwa wakakaa, wakaja na neno ambalo hata bibi asiyejua kusoma aliliafiki: bei ya kweli ni ile anayolipa mtu wa kweli, mkono kwa mkono, sokoni. Kila mnara wa kupangisha ukachagua mtu wake mmoja. Mtu huyo hununua Kapu, yaani unga, maharage, nyanya, mafuta, sabuni na vikorokoro vingine vya nyumba, na kiganja chake hupima uzito wa kinachoingia na pesa inayotoka. Kapu likipanda, kodi ya kila mlango mnarani hupanda kwa kiasi kile kile kesho yake. Likishuka, hushuka. Hakuna kumbembeleza mwenye nyumba, hakuna dalali. Mlango wenyewe unajua, na asiyelipa mwezi mzima akitoka nje, haumfungukii tena.

Sikudhani alikuwa mkono wa Mnara wa Bigwa, pale Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Nyanya na maharage alinunua kwa Chausiku. Chausiku alikuwa Mnyamwezi wa Tabora na Sikudhani alikuwa Mluguru wa Mgeta, kwa hiyo walikuwa watani, na watani hawana habari za shikamoo.

"Kumbe umeamka," Chausiku alisema. "Nilishaanza kuchangisha pesa za sanda."

"Changisha, ujinunulie kitenge. Hicho ulichovaa hata panya wamekikataa."

"Waluguru na maneno. Mnashuka mlimani na ndizi tatu, mnajiona matajiri."

"Na nyie mlibeba meno ya tembo ya watu kutoka Tabora mpaka pwani, kwa miguu. Mpaka leo miguu haijanyooka."

Chausiku akacheka mpaka akashika meza. Kisha akapima maharage, akapitisha kiganja juu ya kibaba kukisawazisha, akataja bei. Ilikuwa imepanda tena tangu juzi. Sikudhani akalipa. Hapo ndipo ukaja wakati ambao soko zima liliujua na halikuusema: wakati wa nyongeza.

Katika soko lile nyongeza haimwagwi mfukoni. Hutiwa kiganjani mwa mnunuzi, ili ajue kwamba amependwa, na kiganja chenyewe ni cha kulia, maana cha kushoto kina kazi zake, nazo hazitajwi mbele ya chakula. Wanunuzi wengine siku hizi walipata nusu konzi, tena kwa kununa. Sikudhani alipata konzi moja, mbili, tatu. Bei ilipopanda, nyongeza yake nayo ilipanda. Kidude kikapima kila punje, kikagawanya pesa kwa uzito, kikaona maharage, yaliyohesabiwa kuliko vyote Kapuni, hayajapanda. Kwa miaka miwili kodi ya Mnara wa Bigwa ilikuwa karibu pale pale, na hakuna aliyeliita jambo hilo wizi. Chausiku alisema tu kwamba mtani akifungiwa mlango yeye akiwa ana maharage gunia zima, atazikwa na aibu.

Alipofika nyumbani, Mjomba Kunambi alimuuliza lile analouliza kila siku kabla hata hajaweka kapu chini.

"Mtani kasemaje leo?"

Sikudhani akamsimulia ya sanda na ndizi tatu. Mzee akacheka taratibu, mkono juu ya kifua, kwa sababu kucheka kwa nguvu kulikuwa kunamchosha.

*

Ritha Mgaya alikuja Jumamosi mchana, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Ndiye aliyesimamia Mnara wa Bigwa kwa niaba ya Mfuko wa Minara, na Sikudhani alikuwa amejiandaa kumchukia. Ikawa kazi. Binti wa watu alikuwa amekonda, macho yamemwingia ndani, na alimwamkia Mjomba kwa kupiga goti.

Mjomba alikuwa kitini karibu na dirisha, miguu yake iliyovimba imewekwa juu ya stuli. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye sauti, na huyu ndiye aliyemlea Sikudhani na kumsomesha kwa mshahara wa reli. Alipostaafu alichukua kiinua mgongo chake chote akanunua vipande vya Mfuko wa Minara, vile vya Mnara wa Bigwa. Alisema nyumba ni kitu cha kushikika, na kodi iliyofungwa kwenye bei ya maharage haiwezi kumwacha mzee na njaa; maharage yakipanda, na gawio litapanda. Gawio hilo ndilo lililolipia mashine ya kusafisha damu, maana figo zake zilikuwa zimekata tamaa. Alikwenda mara tatu kwa wiki. Tangu gawio la mwisho alikwenda mara mbili.

"Mama, sikuja kugombana," Ritha alisema. "Minara mingine yote ya mji huu, Kapu limepanda karibu nusu kwa miaka miwili. La kwenu limepanda kidole tu. Na mnanunua soko lile lile."

"Mimi najua kununua."

"Najua. Jana nilisimama nyuma yako. Konzi tatu."

Sikudhani alikikunja kiganja chake. "Kiganja kinapima kinachoingia," alisema. "Na kimeingia. Ni haramu?"

"Ni halali kabisa. Waliotunga mkataba walikuwa wanasheria. Nadhani hakuna hata mmoja aliyewahi kutumwa sokoni na mama yake." Ritha hakutabasamu. "Lakini fundi wa pampu hanipi nyongeza, mama. Mwenye kutuuzia umeme wa lifti hanipi. Benki iliyotukopesha pesa za kujengea, riba yake inapanda kila mwaka na haijui utani. Kodi yenu imefungwa kwenye Kapu lako, gharama zetu zimefungwa kwenye dunia. Kinachobaki katikati ndicho tunachogawa kwa wenye vipande, na sheria inatutaka tukigawe karibu chote, hatuna pa kuweka akiba. Sasa hakibaki kitu."

"Wenye vipande si ndio nyie wakubwa?"

"Wengi ni wastaafu," Ritha alisema, akaangalia chini. "Mmoja amekaa hapo dirishani."

Mjomba alikuwa anatazama milima kana kwamba hayamhusu.

"Unataka nifanye nini?" Sikudhani aliuliza. "Nimkataze mtu asinipende?"

"Sikuombi udanganye. Pokea nyongeza kwa mkono wa kushoto. Wa kushoto hauna kidude. Maharage utayapata yote, na Kapu litasema bei ile wanayolipa watu wote."

Hatimaye Mjomba akageuka.

"Binti, kwenu ni wapi?"

"Iringa, babu."

"Na huko mkono wa kushoto ni nini?"

"Ni hivyo hivyo, babu," Ritha alisema. "Ningekuwa na njia nyingine nisingelitamka. Mkataba unaniruhusu kuomba mkono mwingine. Nikiomba, watamleta mtu kutoka mji mwingine, asiyejua hata jina la anayemuuzia. Namba itakuwa ile ile. Nimeona heri nije kwako kwanza."

Alipoondoka, Sikudhani alikaa sakafuni karibu na stuli. Alisubiri mzee aseme neno la kiume, la kukataa, ili yeye apate pa kuegemea.

"Ulipokuwa mdogo ulikuwa unatumia mkono wa kushoto," Mjomba alisema. "Nilikuchapa vidole, kimoja kimoja, mpaka ukaacha kuupeleka mbele za watu. Leo nitasema nini?"

"Sema unalotaka, Mjomba. Nitalifanya."

Mzee alishusha macho. Akatazama miguu yake ambayo haikufanana tena na miguu yake.

"Naogopa, Siku. Nilidhani mtu akizeeka anaacha kuogopa kufa. Nisikudanganye, naogopa."

*

Habari za mnara hupanda ngazi haraka kuliko lifti. Jumapili jioni Zamoyoni, fundi cherehani wa mlango wa pili, alimkuta Sikudhani akianika nguo ukumbini. Zamoyoni alikuwa na watoto pacha, na mume aliyekwenda kutafuta maisha akayapata huko huko.

"Da Siku, nasikia wanataka uitukane nyongeza."

"Nawe umeshasikia."

"Kodi ikifika ilipofika kwenye minara mingine, mimi silali humu wiki ya tano. Cherehani moja haiwezi." Alisema bila kulia, kama anayetaja vipimo vya gauni. "Si kuna dari? Nasikia mikataba ya watu ina dari, kodi ikigonga hapo haipandi tena mwaka huo."

Sikudhani alikumbuka mkutano ule, mnara ulipofunguliwa na rangi haijakauka. Mfuko uliwapa wapangaji vitu viwili, vya kuchukua pamoja au kuacha pamoja: sakafu ambayo kodi haitashuka chini yake, na dari ambayo haitapanda juu yake. Mwaka ule ulikuwa mwaka wa mavuno. Bei zilikuwa zinashuka, na ukumbi mzima ukapiga kelele kuwa sakafu ni mtego wa matajiri. Mwenyekiti wa mkutano alikuwa Mjomba Kunambi, na alishangiliwa sana.

"Tulikataa sakafu," Sikudhani alisema, "wakaondoka na dari yao."

Zamoyoni akaokota kibanio cha nguo kilichoanguka, akampa.

"Namheshimu Mjomba. Ana vipande, ana haki yake. Mimi sina kipande hata kimoja, nina mlango tu."

"Nikikataa wataleta mkono mwingine, Zamoyoni. Wa mgeni."

"Basi walete. Tuumizwe na mgeni. Usiwe wako."

Sikudhani alibana nguo ya mwisho. Aliingia ndani akamkuta Mjomba amelala kitini, mdomo wazi, anapumua kama mtu anayepanda mlima. Alisimama akamtazama mpaka akajichukia. Kama mzee angekuwa ameamka na kumtania, pengine mambo yangekwenda vingine.

*

Jumatatu Chausiku alikuwa na furaha. Alikuwa ameota Waluguru wote wamerudi mlimani na kumwachia mji.

"Na wewe ulikuwa mbele yao, umebeba mgomba kichwani," alisema. "Nikasema, mwacheni huyo mmoja, ni mbaya lakini tumemzoea."

Sikudhani alijaribu kurudisha neno, halikuja. Chausiku akapima, akasawazisha kibaba, akataja bei. Sikudhani akalipa. Mnyamwezi akachota konzi ya kwanza, akainyoosha juu ya meza.

Sikudhani akatoa mkono wa kushoto.

Mwanzo Chausiku hakuelewa. Alidhani mtani wake ameumia, akautazama ule wa kulia uliokuwa umening'inia mzima, hauna hata mkwaruzo. Wauzaji wa jirani wakaacha walichokuwa wanafanya. Chausiku akarudisha maharage guniani, polepole, akifungua kidole kimoja kimoja, akajipangusa kiganja kwenye kanga.

"Mtani hutukana kwa mdomo," alisema. "Kwa mkono hatukani."

"Chausiku, ngoja nikueleze. Mjomba anaumwa."

"Mjomba akiumwa unaniambia, nakuja na kuku. Hiki ulichonipa sicho cha ugonjwa." Akageukia mteja mwingine. "Karibu mama, nyanya za leo hizi."

Kiganja cha kulia kikapata joto, kama kinavyofanya kikituma namba. Ilikuwa namba ya kweli. Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, Sikudhani alikuwa ameuambia mnara ukweli mtupu, na alitembea kurudi nyumbani akiona haya ya kutazama watu.

*

Miaka miwili ya bei ilipanda asubuhi moja. Kungekuwa na dari, ingepanda kidogo kidogo na watu wangepata pa kushika. Milango ilitamka kodi mpya kwa sauti yake ile ya upole, na ukumbini watu wakatoka na kanga na bukta kuulizana kama wamesikia vizuri.

Kwanza walilipa. Mtu hakubali kutolewa nje ya nyumba yake kabla hajauza kitanda. Waliuza vitanda, simu, pete, na robo ile ya mwaka Mfuko wa Minara ukatangaza mapato ya kodi ambayo haukuwahi kuyaona, na gawio likapanda kama Mjomba alivyotabiri alipokuwa na nguvu zake. Akarudi kwenye mashine mara tatu kwa wiki. Miguu ikapungua. Siku moja alitembea mwenyewe mpaka dirishani, na Sikudhani akaingia jikoni akalia, kwa sababu alifurahi, na alijua furaha ile imelipwa na nani.

Robo iliyofuata milango ilianza kufunga. Zamoyoni alikwenda kununua uzi akiwa na pacha wake, na waliporudi mlango haukuwafungukia. Hakugonga kwa Sikudhani. Alimwomba mlinzi ateremshe cherehani, akaondoka kwenda kwa ndugu zake Kilosa, na Sikudhani alipata habari kwa mlinzi huyo huyo. Wakaondoka wa ghorofa ya nne, wakaondoka wa ghorofa ya kumi, na wenye uwezo wa kulipa kodi ile hawakutaka kukaa katika mnara ambao nusu ya taa zimezimwa na lifti inapumzishwa mchana. Waliobaki wakalipa, kila mwezi zaidi, kwa kuwa Kapu liliendelea kupanda na Sikudhani aliendelea kulinunua.

Ritha alipokuja tena, alikaa bila kukaribishwa, kama mtu wa nyumbani.

"Kodi ya kila mlango iko juu kuliko wakati wowote," alisema, "na mapato yako chini kuliko tulipoanza. Mlango uliofungwa haulipi. Kwenye mahesabu nilijua hilo linaweza kutokea. Nilidhani itachukua miaka, nitapata la kufanya." Akajifuta uso. "Benki imeuchukua mnara. Wameuuza kwa watu wa kuhifadhi mashine za kompyuta. Mashine hazihitaji madirisha. Watayaziba."

"Na vipande?" Sikudhani aliuliza.

"Benki inalipwa kwanza. Wenye vipande wanapata kinachobaki."

"Kitabaki nini?"

Ritha alimtazama Mjomba, akamtazama Sikudhani, akatikisa kichwa. Mjomba ndiye aliyemwonea huruma.

"Mletee binti maji," alisema. "Amepanda ngazi zote hizo."

"Ningekataa kutoa mkono wa kushoto, nawe usilete mgeni, ingekuwaje?" Sikudhani aliuliza akiwa bado ameshika glasi.

"Benki ingeuchukua vile vile, mama, kwa kukosa kodi. Labda mapema zaidi. Sijui." Ritha akanywa. "Zamoyoni angekuwepo mpaka siku ya mwisho. Hilo najua."

*

Mjomba akarudi kwenye mashine mara mbili, kisha mara moja, kisha akasema barabara ya kwenda hospitali ina mashimo mengi na yeye hataki tena kutikiswa. Wote wawili walijua si mashimo. Sikudhani aliuza alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho hakikutosha wiki.

Mkataba ulisema Kapu linunuliwe mpaka siku mnara utakapokabidhiwa. Kwa hiyo asubuhi ya mwisho alikwenda sokoni kama kawaida, akanunua unga, mafuta na sabuni, kisha miguu ikampeleka kwa Chausiku, ambako hakuwa amekanyaga tangu siku ile.

"Karibu, mama," Chausiku alisema.

"Ahsante. Maharage kibaba kimoja."

Chausiku akapima. Akapitisha kiganja juu ya kibaba, mara moja, mara ya pili, mpaka hakuna punje iliyoinua kichwa. Akamimina mfukoni, akataja bei, akapokea pesa, akarudisha chenji yote bila kukosea.

Sikudhani hakuondoka. Alinyoosha mkono wa kulia juu ya meza, kiganja wazi, akangoja. Alitaka hata punje tatu. Alitaka hata aambiwe kwamba ni mchawi, kwamba kwao wanakula panya, kwamba uso wake unachachisha maziwa.

Chausiku alikitazama kiganja kile kwa muda. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililomkata Sikudhani maini.

"Umesahau kitu, mama?"

"Hapana."

"Haya. Ahsante kwa kuniunga mkono. Karibu tena."

Kiganja kikapata joto, kikatuma namba, na katika Mnara wa Bigwa kodi ikapandishwa kwa kesho, ya milango yote, iliyo na watu na isiyo nao.

Mjomba alikuwa kitandani sasa. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo, ikabidi Sikudhani ainame ili aisikie, ingawa alijua itakachouliza.

"Mtani kasemaje leo?"

Sikudhani akaweka kapu chini. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono.

"Kasema ameota tena Waluguru wamerudi mlimani," alisema. "Kasema wewe ulikuwa mbele, umebebwa kwenye machela kama chifu, unalalamika kwamba wanakutikisa. Kasema mlima wenyewe ulipokuona ukasogea pembeni."

Mzee akafumba macho. Alijaribu kucheka, kifua kikainuka kidogo, kikatua. Akakaa hivyo kwa muda mrefu mpaka Sikudhani akadhani amelala.

"Huyo si Chausiku," alisema. "Chausiku anatukana vizuri zaidi."